Uzi maalumu kwa wanaorekodi vichekesho Mwanza: masizi ya Jim Crow yamefikaje kwenye klipu zetu?

#1 Kamera_Kirumba

Wakuu, mwangaluka.

Uzi huu ni wa wale wanaorekodi vichekesho vya dakika moja na nusu pale Kirumba, Igoma, Buzuruga na ng'ambo ya Kamanga, na wa wale wanaovitazama. Hoja yangu ni moja. Kichekesho kinachomchezea mtu mweusi hupimwa kwa kile kilichomo ndani ya fremu. Nia ya mtunzi haimfikii mtazamaji. Kinyago, yaani sura ya bandia anayobandikwa mtu mweusi, kikiwa kwenye fremu na mkono unaokivisha ukawa haupo, hiyo ni dhihaka, hata mtunzi awe na moyo safi kiasi gani. Mkono ukionekana ukikivisha, hapo ndipo tashtiti inapoanza, yaani kicheko kinachomrudia mwenye dharau.

Tuanze na kinyago kilikotoka. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1830, Mzungu aitwaye Thomas Dartmouth Rice alijipaka uso mweusi, akavaa matambara, akaimba na kucheza kwa kuchechemea akijiita Jim Crow. Mwaka 1832 New York ilimshangilia. Mwaka 1843 kikundi cha watu wanne, Virginia Minstrels, kikalifanya jambo hilo kuwa onyesho zima la jioni. Baadaye sheria za kuwatenga watu weusi zikaitwa Jim Crow. Kichekesho kilitangulia, sheria ikaja kuazima jina.

Masizi yenyewe yalikuwa vizibo vya chupa vilivyochomwa. Filamu ya Spike Lee ya mwaka 2000, Bamboozled, inaonyesha kazi hiyo hatua kwa hatua: vizibo vinamwagiwa kileo na kuwashwa, vinaungua mpaka vinakuwa makaa, vinapondwa kuwa unga, unatiwa maji mpaka upatikane uji mzito. Kwanza ngozi inapakwa siagi ya kakao isiungue. Mwisho midomo inapigwa rangi nyekundu kali, kubwa kuliko mdomo wenyewe.

Sasa tazameni kinachotokea usoni. Masizi hayaakisi mwanga. Mikunjo ya paji inapotea, mashavu yanapotea, kinachobaki ni macho, meno na mdomo. Uso wa namna hiyo hauwezi kuonyesha mashaka, wala aibu, wala mtu anayepiga hesabu kichwani. Umenyang'anywa vyote hivyo kwa makusudi, ili mwenye uso aonekane hana kitu ndani.

Nitarudi kwenye mwanga, kwa sababu hapo ndipo sisi watu wa ziwani tunapokosea bila kujua.

#2 Fasihi_Malimbe

Asante mkuu kwa uzi. Niongeze kwa lugha tuliyofundishwa wote sekondari: mhusika bapa, asiye na undani, na mhusika duara, mwenye undani. Mwaka 1973 Donald Bogle aliandika kitabu akawapanga watu weusi wa filamu za Kimarekani katika makundi matano: mtii asiyeasi, mpumbavu, chotara wa majonzi, yaya mnene, na dume la kutisha. Vichekesho viliishi zaidi kwa mpumbavu na yaya. Wote ni bapa, na ubapa wao unapimika: hawana wanachokitaka. Yaya anataka mambo ya tajiri yake yaende vizuri. Mpumbavu anataka kulala na kula.

Lincoln Perry, aliyejulikana kwa jina la Stepin Fetchit, alipata utajiri kwa kuigiza mtu mvivu kupita wote duniani. Wapo wanaomtetea kwamba uvivu ule ni ujanja wa mtumwa: jifanye huelewi, kazi ya bwana isiende. Utetezi huo una uzito kwenye historia ya utumwa. Lakini kwa kipimo cha Kamera_Kirumba unaanguka, maana filamu zenyewe hazimwonyeshi bwana akiwa amepigwa chenga. Anachobaki nacho mtazamaji ni ulegevu tu.

Mlinganishe na Bert Williams, mzaliwa wa Nassau, mweusi aliyelazimika kujipaka masizi juu ya weusi wake ili aruhusiwe kuchekesha. Mwaka 1913 aliigiza filamu ambayo haikumalizika. Mikanda yake ilikaa kwenye jumba la makumbusho la MoMA, New York, na kuonyeshwa hadharani mwaka 2014. Humo Williams peke yake ndiye aliyepakwa masizi. Weusi wenzake wote wana nyuso zao. Wanavaa vizuri, wanacheza, wanapendana, wanabusiana. Ukiwatazama pamoja katika fremu moja, masizi yake yanaonekana kuwa masizi, kitu kilichobandikwa. Nyuso za wale wengine ndizo zinazomsuta aliyeyadai.

Na Hattie McDaniel asisahaulike. Alipata Oscar mwaka 1940 kwa kuigiza yaya, mweusi wa kwanza kuipata, na usiku ule ule akakalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu.

#3 Mtani_wa_Wote

Wakuu naheshimu elimu yenu ila mnachanganya mambo. Hayo ya Wamarekani ni ya Wamarekani. Huku sisi tuna utani. Msukuma anataniwa, Mhaya anataniwa, Mchaga anataniwa, Mmasai anataniwa, na jioni tunakula sahani moja. Mtu mweusi akimcheka mtu mweusi mwenzake ubaguzi uko wapi hapo? Mkianza kupima kila klipu vijana wataacha kuchekesha.

#4 Fasihi_Malimbe

Mtani, hoja yako ni nzito na naijibu kwa heshima, kwa sababu utani ni mali yetu na una kanuni zake.

Kwanza, una pande mbili. Ukinitania nina haki ya kukujibu hapo hapo, mbele ya watu wale wale. Pili, una deni: mtani anayekudhihaki msibani ndiye huyo huyo anayeshika kazi za msiba. Tatu, mtani anakujua. Anakuchoma kwenye jambo ulilofanya kweli, si kwenye jambo ambalo kila wa kwenu husingiziwa. Hata mashindano ya ngoma ya Bagalu na Bagika, makundi mawili ya Wasukuma, ambayo kejeli ndiyo silaha yake, kila upande una mtunzi wake na zamu yake ya kujibu.

Klipu haina zamu. Mzee wa Magu anayeigizwa hayupo, hajaulizwa, hajibu, na aliyemwigiza hatamzika. Ukiuondoa upande wa pili, utani umebaki ganda.

Tazama namna Msukuma anavyotengenezwa. Wanachukua herufi moja. Kisukuma hakina r, basi mwigizaji anageuza kila r kuwa l, "lafiki yangu, balabala iko wapi", na kazi imeisha. Sauti ambazo kweli ni za Kisukuma hazimo: ile nh na mh inayotoka na pumzi puani kama katika jina la Mhunze, au ng' inayoanza neno kama katika ng'wana. Aliyekaa na Wasukuma huzisikia siku ya kwanza. Kutokuwepo kwake ni ushahidi kwamba mwigizaji hakumsikiliza mtu yeyote. Amemwiga mwigizaji mwingine aliyemwiga mwingine. Masizi ya Marekani yalisambaa hivyo hivyo: mji kwa mji, waigizaji wakiigana, na mtu mweusi mwenyewe haulizwi.

Vifaa vya mkononi navyo ni hivyo hivyo. Baada ya utumwa kukomeshwa, weusi wa kusini mwa Marekani walilima na kuuza tikiti maji, wakapata fedha ya kwao. Wachekeshaji wakaligeuza tunda hilo kuwa alama ya ulafi na uvivu. Biashara ya mtu huru ikafanywa kichekesho. Sasa iangalie baiskeli ya Msukuma kwenye klipu zetu, ile yenye kengele na redio. Baiskeli imesomba pamba na mpunga wa kanda hii, halafu kwenye klipu inatokea ili ianguke mtaroni tu.

#5 Kamera_Kirumba

Nirudi kwenye mwanga kama nilivyoahidi.

Mnapenda kurekodi mwigizaji akiwa na ziwa nyuma, saa tano asubuhi, na mawe yetu yale yaonekane. Pazuri, lakini simu inafanya wastani wa fremu nzima. Maji yanang'aa, anga inang'aa, simu inaona mwanga umezidi, inapunguza. Uso mweusi unazama. Mwigizaji akicheka, kinachoonekana ni meno na weupe wa macho. Hapo mmepata uso wa Jim Crow bila kuchoma kizibo hata kimoja, na anayetazama atacheka kabla neno halijasemwa.

Tatizo si la simu peke yake. Kwa miongo kadhaa Kodak walipima rangi za picha kwa kadi yenye mwanamke Mzungu, kadi zilizoitwa Shirley. Ngozi nyeusi ilipotea kwenye mikanda ya picha na malalamiko hayakusikilizwa, mpaka makampuni ya chokoleti na ya samani yaliposema rangi zao za kahawia hazitofautiani.

Fanya hivi. Mgeuze mwigizaji, ziwa liwe ubavuni mwake na si mgongoni. Rekodi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu alasiri. Gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia kidole mpaka kufuli itokee, kisha vuta kile kijua juu kidogo mpaka uone mkunjo kati ya pua na shavu. Ukishauona, acha, usiongeze. Anga ikiungua kidogo iache iungue.

Kisha mrudishie mwanga. Kifuniko cheupe cha boksi la kubebea samaki kinatosha kabisa, kioshe tu. Kiweke mita moja hadi moja na nusu kutoka usoni, chini kidogo ya usawa wa macho, ukiinamishe mpaka uone nuru ndogo kwenye mboni. Usikiweke chini kabisa miguuni: mwanga wa kutoka chini unapandisha vivuli na kumfanya mtu wa kutisha. Kosa hilo linaonekana sana kwenye klipu za usiku kambini, taa ya dagaa ikiwa imewekwa sakafuni mwa mtumbwi. Ipandishe taa ifike usawa wa bega.

Shati jeupe mvue. Mpe kitenge au rangi ya kati, la sivyo simu itapima shati na kusahau uso.

#6 Chipukizi_Igoma

Mkuu Kamera shikamoo. Nikifanya hivyo uso unang'aa sana, nikipaka poda unakuwa kama umemwagiwa jivu. Nafanyaje?

#7 Kamera_Kirumba

Marahaba. Poda yako ni nyepesi kuliko ngozi ya mwigizaji, ndiyo maana inaleta jivu. Usipake uso mzima. Kausha paji na ncha ya pua kwa karatasi laini, basi. Mng'ao wa mashavu na wa taya uache, maana kwenye ngozi nyeusi mng'ao ndio unaochora umbo la uso. Ava Berkofsky, mpiga picha wa tamthilia ya vichekesho ya Insecure, amejulikana kwa njia hiyo: ngozi ilainishwe iakisi, kisha mwanga mpana urushwe kwenye ubao mweupe ndipo umrudie mtu. Huku kwetu mafuta kidogo sana ya kujipaka, tone la ukubwa wa punje ya mahindi kwa uso mzima, yanafanya kazi hiyo hiyo.

#8 Kibanda_Sauti

Mimi niwasemee madijei wa kutafsiri, wale wanaoingiza sauti ya Kiswahili juu ya filamu, kwa sababu watu wengi wa visiwani filamu hizi wamezipokea kwa sauti ya DJ kwenye vibanda umiza, na DJ ana mamlaka makubwa kuliko anavyodhani.

Kiswahili kinafuta baadhi ya dhihaka zenyewe. Katika Coming to America ya 1988, sehemu kubwa ya vichekesho imo katika namna watu wa Zamunda, nchi ya kubuni ya Afrika, wanavyotamka Kiingereza. Ukitafsiri, matamshi yanayeyuka. Watu wanabaki na mwana wa mfalme anayefagia sakafu, na kibandani anakuwa mtu mwenye akili zaidi kuliko alivyo kwenye asili. Hiyo ni faida. Usiiharibu kwa kumpa sauti ya kijijini ili watu wacheke.

Hatari kubwa ni The Gods Must Be Crazy ya 1980, ya Jamie Uys wa Afrika Kusini. Pana mambo mawili ya kuyashika. La kwanza ni msimulizi: anaongea kwa sauti tulivu ya filamu ya wanyama, anamweleza Xi, mhusika mkuu ambaye ni Msan, kana kwamba anaeleza swala, na anatuambia Wasan hawajui mali wala ugomvi. Wakati ule Wasan wengi walikuwa kwenye makazi ya serikali, wakiijua vizuri fedha na uhaba wake, na jeshi la Afrika Kusini likiandikisha wanaume wao. La pili ni kasi. Sehemu nyingi za kukimbia na kuanguka zimeharakishwa, na mtu aliyeharakishwa anageuka mwanasesere.

DJ afanye nini? Shusha sauti ya msimulizi kabisa kwenye dakika za mwanzo, usimtafsiri neno kwa neno. Xi anapotazama ile chupa ya soda, mpe fikra ya mtu anayechunguza chombo: kigumu, laini, kinatoa sauti ukikipuliza. Hicho ndicho N!xau, mwigizaji wa Xi, anachoigiza kwa mikono yake, mtazameni vidole. Na midoko yake, zile sauti za kugonga ulimi, usiiige. Hapa nchini tuna Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na Wasandawe wa Dodoma wenye midoko kwenye lugha zao, na huenda mmoja wao amekaa kwenye benchi lako.

#9 Mtani_wa_Wote

Nimesoma yote. Hapo kwenye deni la msiba Fasihi umenishika, sina jibu. Ila nauliza: basi mtu asijifanye mjinga tena kwenye filamu? Maana kuna filamu zenyewe za kupinga ubaguzi zimejaa hayo hayo.

#10 Kamera_Kirumba

Ajifanye, mtani wangu. Swali ni kama tunamwona akijifanya.

Mfano bora ninaoujua ni Blazing Saddles ya Mel Brooks, 1974, Richard Pryor akiwa mmoja wa waandishi. Cleavon Little ni sherifu mweusi anayeingia mji wa Wazungu, na bunduki zote zinamwelekea. Anatoa bastola na kuielekeza kichwani mwake mwenyewe. Kwa sauti nzito anatishia kumuua "huyu mweusi", kisha kwa sauti ya woga, ile ile ya mpumbavu wa zamani, anaomba aokolewe. Mji mzima unaamini, unashusha silaha. Anajiburuta mpaka ofisini, anafunga mlango, na hapo uso wake unarudi: anajisifu kwa kipaji chake na kuwashangaa kwa ujinga wao. Kinyago kimevaliwa na kuvuliwa mbele yetu. Kinachochekwa ni imani ya wale wenye bunduki.

Hollywood Shuffle ya Robert Townsend, 1987, inafanya hivyo kwa shule ya uigizaji ambamo walimu Wazungu wanawafundisha weusi kutembea "kiweusi". American Fiction ya 2023 ina mwandishi anayetunga kitabu cha uongo chenye weusi wa kihuni. Wahusika wanasimama chumbani mwake wakisema anachoandika, kisha wanamgeukia kumuuliza waseme nini. Mkono na kinyago viko chumba kimoja.

Sasa Tropic Thunder ya 2008. Robert Downey Jr. anaigiza mwigizaji Mzungu aliyejigeuza mweusi, na yupo mhusika mweusi, Alpa Chino, anayemsuta. Filamu nzima ukiitazama, usutaji upo. Lakini mwingi wake uko kwenye maneno na kwenye matukio mengine. Kata sekunde 20, tuma kwenye kundi la WhatsApp, na kilichobaki ni Mzungu aliyepakwa weusi. Kwa zama hizi za klipu huo ni udhaifu wa muundo. Weka mkono na kinyago kwenye fremu moja, au angalau kwenye sekunde kumi zile zile, maana utakatwa tu.

Dave Chappelle, mchekeshaji mweusi wa Marekani, alikiacha kipindi chake cha televisheni mwaka 2005, mkataba ukiwa wa dola milioni 50. Mwaka 2006 alieleza kwenye kipindi cha Oprah kwamba wakati akirekodi kichekesho cha kijini kilichopakwa masizi, mtu mmoja pale alicheka kicheko ambacho kwake hakikuwa sawa. Kijini kile kilikuwa kinatafsiri aibu iliyomo kichwani mwa mtu mweusi. Aliyecheka hakuiona aibu, alikiona kijini. Namheshimu kwa kukisikia kicheko kile.

#11 Chipukizi_Igoma

Wakuu naweka skripti yangu muipasue. Sekunde 90. Mzee wa Kisukuma anashuka stendi ya Nyegezi na gunia la mchele. Anakuta mashine ya kutolea fedha, anaisalimia kama mtu, anaiuliza habari za nyumbani. Kijana wa mjini anacheka. Mwisho mzee anafungua gunia, kumbe lina mabunda ya noti. Fremu za karibu sita: tano mzee akishangaa, moja kijana.

#12 Fasihi_Malimbe

Mwisho wako una tatizo, mwanangu. "Mshamba kumbe tajiri" inaonekana kama kumtetea, lakini haigusi dhana yenyewe. Bado ni mjinga anayesalimia mashine. Umemnunulia heshima kwa noti, na mzee asiye na noti amebaki kudharauliwa. Pia hana anachokitaka. Kwa nini yuko kwenye mashine?

#13 Kamera_Kirumba

Nakubaliana na Mwalimu. Tuijenge upya hapa hapa.

Mzee anataka salio, aone kama malipo ya mpunga yameingia. Hilo ndilo analolitaka. Mpe na kosa, maana kichekesho bila kosa hakiendi: ameacha miwani, kadi anaiingiza kichwa chini miguu juu mara mbili. Kosa hilo ni la mtu yeyote, halina kabila.

Kijana wa foleni anajitolea kumsaidia. Kabla hajafungua mdomo, simu yake inaita, anaongea Kiswahili chake cha kawaida sekunde nne. Kisha anamgeukia mzee na kuvaa sauti: "Babu, hiyo ni ma-shi-ne, ina pesa ya selikali," kwa sauti ya juu, taratibu, l kila mahali. Simu inaita tena, sauti ya kawaida inarudi. Tumemwona akivaa na kuvua, na mzee naye amemwona.

Gawa fremu za karibu tatu kwa tatu. Za mzee zisiwe za kushangaa: moja anakodolea kadi bila miwani, moja anamsikiliza kijana, moja anasoma risiti akiwa ameinyoosha mkono mzima. Rekodi saa mbili asubuhi, ukuta wa nyuma usiwe mweupe, kifuniko chako upande wa kijana kwa sababu yeye atakuwa kivulini.

Mwisho, mzee anachukua risiti, anasema "wabeja", yaani asante, anabeba gunia na kutoka kwenye fremu. Usimfuate. Baki na kijana ambaye bado anaongea taratibu kwa sauti ile ya bandia, mkono ukionyesha vitufe, na foleni nzima nyuma yake ikimtazama. Kata pale anapogeuka na kuwaona. Muziki usiweke.

#14 Chipukizi_Igoma

Nimeelewa. Mzee mwenyewe nitamtafuta Kisesa, aniambie angesemaje yeye hapo kwenye miwani.